Magadi Katika Rojo la Maembe

Sipendi maembe. Nasema mapema ili mtu asije akadhani kwamba miaka hii tisa ninayopika pai za maembe hapa Bariadi ni mapenzi. Napika maembe kwa sababu yapo. Matufaha yanayoletwa hapa hufika yamechoka, na muuzaji anakutajia bei huku akikutazama viatu. Embe la hapahapa, likichumwa kabla halijaiva na likaangukia mikononi mwa mtu anayejua kazi, hufanya rojo zuri la kujaza pai, na mimi kazi naijua.

Nilifundishwa Maswa, kwenye chuo kidogo cha wasichana, na mwalimu aliyekuwa mkali hata kwa paka. Embe la pai liwe limeanza kuwa manjano karibu na kokwa tu, nje bado kijani, ukilibonyeza lisibonyee. Lenye nyuzi wape watoto wafyonze. Unamenya, unakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, unavichanganya na sukari na chembe ya chumvi, kisha unaviacha mpaka vitoe maji yake vyenyewe. Maji ya bomba hayaingii humo. Moto mdogo, kijiti cha mdalasini, subira. Wanga wa muhogo natengeneza mwenyewe: nakuna muhogo mbichi, naukamua ndani ya maji, nangoja ule unga mweupe utuame chini ya beseni, namwaga maji, naanika. Kijiko kimoja kinakorogwa pembeni kwa maji baridi na kumiminwa mwishoni. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi kidogo kabla ya kuzibika, unaepua. Na unaonja. Mwalimu alitulazimisha kuonja mara tatu, likiwa bichi, likianza kuchemka, na likishaepuliwa. Aliyekamatwa hajaonja aliosha masufuria ya darasa zima.

Kitu ambacho hakikukanyaga jiko la chuo kile ni magadi. Kila nyumba niliyoijua Sola, nilikozaliwa, ilikuwa na kopo la magadi karibu na mafiga. Mlenda bila magadi hauvutiki, maharage bila magadi yanamaliza kuni. Lakini mwalimu alipomwona mwenzetu mmoja akitia magadi kwenye kabichi alimwambia arudi kijijini akapikie ng'ombe. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa na fundo langu la magadi ndani ya begi, na jioni ile nilikwenda kulitupa chooni. Tangu siku hiyo sikuyatumia, na nilimdharau kila aliyeyatumia, akiwamo mama yangu mzazi.

Mama mkwe wangu alikuja na magadi yake. Aliletwa kutoka Nkololo mwaka mmoja baada ya baba mkwe kufariki, na kopo lake lilikuwa limefungwa kwenye kona ya kitenge pamoja na dawa za mguu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unavimba, siku nyingine ukawa hauingii kwenye kandambili. Alizaa watoto watano, akazika wanne. Aliyebaki ni mume wangu. Kwa hiyo hapakuwa na kikao cha kujadili atakaa wapi. Kule Nkololo hakukuwa na mtu wa kumchotea maji, kisima kiko mbali, na mvua ikinyesha njia ni tope tupu. Ama akae kwetu, ama akae peke yake na ule mguu. Mume wangu aliniuliza kama nimekubali. Nilikubali kwa mdomo.

Mume wangu anafanya kazi Maswa, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu ukiwa mkubwa anarudi nyumbani Jumamosi tu. Maana yake ni kwamba aliyebaki na mama yake siku sita kwa wiki ni mimi, kwenye nyumba ya vyumba vitatu na jiko moja la uani lenye paa la bati. Na yule mama hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kupika. Nguo hakuzijali, redio hakuisikiliza, kanisani alikwenda akarudi. Alfajiri nikitoka namkuta tayari amechochea mkaa, ameketi kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, ananingoja nimpe kitu cha kufanya.

"Mwangaluka, mayu," ananisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama kwa heshima, na mimi ndiye niliyepaswa kupiga goti na kuanza.

"Mwangaluka, mama," nasema nimesimama, aproni kiunoni, macho kwenye unga. "Pumzika."

Katika ile miezi saba hakuna neno nililolitumia vibaya kama hilo. Akishika ungo nauchukua mkononi mwake, pumzika mama. Akianza kumenya viazi namwambia apumzike, kisha naviosha upya mbele yake ili aone. Alipika mlenda mara moja nilipokwenda sokoni, nami nikaula wote, kisha nikasugua sufuria kwa mchanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Yeye naye hakuwa malaika. Wageni wake wa kanisani wakimuuliza habari za mjini alijibu kwamba anakula kama mfungwa, analetewa. Pai zangu aliziita mkate wenye kidonda ndani. Alisema hivyo mbele ya mteja wangu, kwa Kisukuma, akidhani mteja ni wa kuja, kumbe ni wa Nkololo vilevile. Mteja alicheka mpaka akalazimika kuketi. Mimi sikucheka, na wiki nzima ile nilimpelekea mama mkwe chakula bila kumtazama usoni.

Basi ikaja oda ya mahafali. Shule moja ya sekondari ilitaka pai sitini za Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya wageni rasmi na walimu. Haikuwa oda kubwa kwa mtu mwenye oveni mbili za bati. Tatizo lilikuwa sukari. Wiki ile sukari ilikuwa imepotea Bariadi. Kila mwenye duka alikuwa hana, na kila asiye na duka alikuwa anamjua mtu aliyenayo. Alhamisi nilimenya maembe beseni mbili. Ijumaa asubuhi nikaibandika beseni ya kwanza na sukari yote niliyokuwa nayo, ambayo haikufika hata nusu ya ile iliyotakiwa. Nilionja. Yalikuwa makali, yanafunga taya. Nikampigia simu kila ninayemjua, nikizunguka uani na kusema kwa sauti kwamba nimekwisha, kwamba bila sukari nitaaibika mbele ya wilaya nzima. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, anasikia.

Nilimwambia, "Mama, natoka kutafuta sukari. Sufuria usiiguse. Angalia moto usizimike, basi."

"Haya, mayu."

Nilikwenda maduka tisa. Wa kwanza aliniambia hana huku mfanyakazi wake akibeba mfuko nyuma ya pazia. Wa tatu alitaka ninunue na sabuni nisiyoihitaji ndipo anipimie robo. Wa sita, ambaye namuuzia pai mwaka wa nne, alijifanya hanifahamu. Jua lilikuwa la Oktoba, lile linalochoma hata kivulini. Nilirudi baada ya saa nzima na zaidi nikiwa mkono mtupu, viatu vimejaa vumbi, na ndani yangu kuna mtu mwingine kabisa anayetafuta wa kumgombeza.

Nilipofungua lango niliona povu. Lilikuwa limefurika likashuka ubavuni mwa sufuria na kukaukia kwenye jiko. Rojo langu, ambalo nililiacha likiwa la manjano ya kupendeza, lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni, mwiko mkononi, kopo la magadi miguuni. Alikuwa anatabasamu. Kwa miezi saba sikuwa nimemwona akitabasamu namna ile, meno yote mpaka ya mwisho.

"Nimekusaidia, mayu," alisema. "Nimetia kidogo tu, hivi," akanionyesha ncha ya kidole. "Ukali umeondoka. Hiyo sukari yako inatosha."

Sikuuliza zaidi. Sikuchukua kijiko. Nilishika sufuria kwa vitambaa viwili, nikaiinua kutoka motoni, nikalimwaga rojo lote chini, pale pale mbele ya mguu wake uliovimba. Aliuvuta mguu kwa mikono yote miwili. Lingeweza kumuunguza, na ningekuwa mwongo kama ningesema nililifikiria hilo.

Kisha nikafungua mdomo. Nilimwambia hili si jiko la Nkololo. Nilimwambia amekuja kunimaliza. Hayo yote ni maneno ya wakwe, kila mtaa unayasikia na unayasahau kabla ya chakula cha jioni. Lakini hasira ilikuwa bado haijashiba, na nikapaza sauti ivuke ukuta, nikasema, "Umenitilia nini kwenye sufuria? Dawa gani hii unanitilia?"

Nilijua ni magadi. Nilijua na yeye anajua kwamba najua ni magadi. Lakini nilichagua neno dawa, na sijawahi kujidanganya kwamba lilinitoka tu. Huku kwetu mama mjane, mzee, aliyezika watoto wanne na mwenye macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote, hukai uani ukamuuliza kwa sauti ametia dawa gani kwenye chungu. Tumezika vikongwe kwa maneno madogo kuliko hilo. Kila mtoto wa Kisukuma anajua, hata aliyesoma chuo, hata anayepika pai.

Tabasamu lilimtoka. Alitazama ukuta, kule upande wa barabara ambako mtu alikuwa anapita na baiskeli na mlio wa mnyororo ukakatika. Aliweka mwiko chini taratibu, akalifunga kopo lake kwenye kitenge, akainuka kwa kushika nguzo ya jiko, akaingia chumbani.

Jirani yangu alifika muda mfupi baadaye. Ni mwanamke wa Kondoa, mume wake ana duka mtaa wa pili, na kilo tatu za sukari alikuwa amezificha ndani ya mtandio. Alinikuta nimekaa chini ukutani. Aliitazama ardhi iliyolowa, akaitazama sufuria, akachukua mwiko na kukwangua lililobaki pembeni. Akaonja, akakwangua tena.

"Dada, hili umelimwaga kwa nini?"

"Limeharibika. Ametia magadi."

"Limeharibika wapi? Onja."

Nilionja. Naandika haya nikiwa bado na hasira na ulimi wangu. Vipande vilikuwa vimelainika bila kuvunjika, na ukali umebaki kwa mbali, unatosha kukuamsha lakini haufungi taya. Utamu ulikuwa umetosha kabisa. Rangi tu ndiyo ilikuwa mbaya, na rangi ya kitu kinachofunikwa na unga nani anaiona? Lilikuwa zuri kuliko langu. Mwanamke asiyejua kusoma, mwenye magadi ya ncha ya kidole, alikuwa ameliokoa rojo langu kwa sababu alinisikia nikililia sukari kwenye simu.

Jirani aliniachia sukari. Alipofika langoni akageuka.

"Lile neno ulilosema nimelisikia nikiwa kwangu," aliniambia. "Kama mimi nimelisikia, si mimi peke yangu."

Nilibandika beseni ya pili. Nilipika kama nilivyofundishwa, nikaonja mara tatu, na pai sitini zilifika shuleni Jumamosi kabla ya maandamano ya wahitimu. Sukari haikutosha vizuri hata hivyo. Walimu walizila huku wamefumba jicho moja, na mkuu wa shule alinishukuru kwa kitu alichokiita ladha ya kipekee.

Niliporudi nyumbani mume wangu alikuwa amekwishafika. Mama yake alikuwa ameketi sebuleni, viatu mguuni, kimoja kimefunguliwa mkanda kwa ajili ya uvimbe. Mizigo yake ilikuwa miwili. Mume wangu ni mtu mpole, wa wale ambao ukiwaudhi wanazidi kupunguza sauti, mpaka inabidi usogee kuwasikia. Aliniita nje.

"Mama hataki kuniambia," alisema. "Nimeambiwa na kijana wa bodaboda pale kituoni. Ameniuliza kama ni kweli mama yangu amefumaniwa anatilia watu dawa."

"Ilikuwa magadi. Aliharibu oda ya watu."

"Ulionja?"

Angeniuliza chochote kingine ningemjibu kweli. Nilimtazama mume wangu wa miaka kumi na mitatu, nikamwambia, "Nilionja. Lilikuwa limeharibika."

Aliitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akabeba mizigo yote miwili kwa mkono mmoja na kumshika mama yake kwa mwingine, wakaenda kutafuta gari la Nkololo. Mama mkwe alipopita kwangu alisema, "Wabeja, mayu." Ni asante tu, neno la kila siku. Nilibaki nimeshika mlango.

Nilitaka jiko langu na nikalipata. Sasa niwaambie lilivyokuwa. Majirani walianza kuja. Walikuja na sura za huruma, wakanunua pai moja moja, wakainama karibu na sikio langu. Afadhali umemtoa mapema, waliniambia. Mmoja, ninayeimba naye kwaya, alinishika mkono na kuniuliza nilijuaje, nilianza kuona dalili gani. Nilimwambia ni magadi, dada, magadi ya mlenda, haya haya yaliyoko kwako. Akanikonyeza. Alidhani namsitiri mkwe wangu. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuniona mke mwema, na nilijikuta nawachukia kwa moyo wote, kila mmoja na pai yake mkononi. Niliwachukia kwa sababu walikuwa wameniamini.

Mume wangu alihamishia Jumamosi zake Nkololo. Alimchotea mama yake maji ya wiki nzima, akayajaza kwenye mapipa, Jumapili jioni akarudi Maswa bila kupitia Bariadi. Matumizi aliyatuma, alipiga simu, alinisalimia vizuri, na kila mara aliniuliza habari za kazi. Sikuweza kumwambia ukweli kwa simu. Niliwahi kuanza mara mbili, nikaishia kuuliza bei ya pamba.

Na rojo? Nilianza kutia magadi. Ncha ya kidole, kama alivyonionyesha, embe likishaanza kuchemka, halafu unasimama na mwiko kwa sababu litafura. Sukari inapungua karibu theluthi. Wateja walisema siku hizi pai zako zimekuwa nzuri, umebadilisha nini? Niliwajibu kwamba nimebadilisha maembe.

Mwezi wa Desemba mvua zilipokuwa zimeshika nilifunga jiko, nikabeba sukari, majani ya chai na kitenge kipya, nikapanda gari la Nkololo. Nilikuwa nimepanga la kufanya. Ningepiga goti uani, mbele ya yeyote atakayekuwepo, niseme kwa sauti kubwa ileile niliyotumia siku ile kwamba nilimsingizia. Niliona hiyo ndiyo haki. Kilichotangazwa kitangazwe tena.

Uani palikuwa na wanawake watatu, majirani zake, wanabangua karanga. Mama mkwe alikuwa katikati yao, mguu juu ya gunia. Nilifika nikapiga goti kwenye tope.

"Mwadila, mama."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, mama."

Alinisalimu salamu nzima, ndefu, kama inavyotakiwa: nyumba, kazi, safari, mvua za huko, afya ya kila mtu. Sijawahi kusalimiwa naye vizuri hivyo. Kisha akainama, akanishika kiwiko.

"Inuka, mayu. Utachafua nguo."

"Mama, nimekuja kusema mbele ya hawa mama—"

Vidole vyake viliuma kiwiko changu. Bado vina nguvu. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba nimechoka na gari, tuingie ndani ninywe maji. Ndani, akiwa ameegemea mlango, alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Huku hawajasikia," alisema. "Ukiomba msamaha hapo nje, watauliza ulinisema nini. Utawaambiaje?"

Nilikuwa nimefikiria goti, sauti na machozi yangu. Kwamba msamaha wenyewe ungelibeba lile neno mpaka mlangoni kwake, kwa watu anaolala nao ukuta kwa ukuta, akiwa peke yake usiku na mchana, sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Sikuonja, mama," nilimwambia kwa kunong'ona. "Nilimdanganya mwanao. Lilikuwa zuri."

"Najua lilikuwa zuri. Mimi nilionja."

Akatoka kuniletea maji.

Nilidhani limekwisha. Nilidhani sasa nitafunga kitenge, niingie jikoni, nianze kazi kama mke wa mtoto wa nyumba ile anavyotakiwa, kwa maana mkamwana akifika kwa wakwe hakai, begi linawekwa chini na mikono inashika kazi. Nilimfuata nikamkuta anachochea kuni. Nilinyoosha mkono nichukue sufuria. Akaihamishia upande wa pili, bila haraka.

"Kaa, mayu. Umetoka mbali."

Nililetewa kiti, kile chenye mgongo, kikawekwa uani mahali pakavu. Alichinja kuku. Alichechemea kutoka jikoni mpaka kwangu na maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe, mama wa umri ule, mguu ule, nami nimekaa kwenye kiti kama afisa kutoka wilayani. Nilikula minofu. Kesho yake nilidamka kabla ya jogoo nikachote maji. Mapipa yalikuwa yamejaa, na ndoo zilikuwa zimefungiwa chumbani kwake. Nilishika ufagio, jirani akaitwa aupokee. Nilitaka kumenya viazi, nikaambiwa vimeshamenywa. Kila kitu alikifanya kwa upole, na kila kitu kilikuwa kimefanywa kabla sijakifikia. Siku hiyo ya pili nililia chooni kwa hasira kama mtoto aliyenyimwa zamu ya kucheza.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hilo ndilo nililolingoja. Nilihesabu siku kwa vidole. Mvua ilikuwa imeacha, shamba lake la mahindi nyuma ya nyumba lilikuwa limeota magugu hadi magotini, na majembe mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani, nayaona. Asubuhi ya tatu alikuja na chai na karanga, akauliza kama nimelala vizuri. Akachukua jembe moja, akaenda kulima mwenyewe, akisimama kila baada ya hatua mbili kuushika mguu. La pili alilifungia ndani. Nilikaa kwenye kiti changu mpaka jua likafika utosini, nikimtazama mgongo.

Siku ya nne alinifungashia. Karanga, kuku hai aliyefungwa miguu, michembe ya viazi vilivyokaushwa ya kunywea chai: zawadi kamili, hakuna iliyopungua. Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipokuwa tunangoja gari alipita mama mmoja mwenye kuni kichwani, akasimama kusalimia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Huyu ni nani?" alimuuliza mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa anamfunga kuku vizuri asiponyoke.

"Mgeni wangu," alisema. "Wa Bariadi."